Tusiuze Mtumbwi kwa Ahadi ya Ulaya

Wiki iliyopita nilikuwa Kamanga, upande wa Sengerema, nikisubiri feri ya kurudi mjini Mwanza. Mzee mmoja mvuvi aliitambua sauti yangu nilipokuwa nikizungumza kwenye simu. Akanisogelea, tukasalimiana, kisha akanivuta pembeni. "Ndugu mtangazaji," akasema, "wewe ni mtu wa habari. Hebu nisaidie jambo."

Jambo lenyewe ni hili. Mwanawe ana umri wa miaka 16 na anasakata kabumbu vizuri. Amejitokeza mtu anayejiita wakala, ameahidi kumpeleka kijana Ulaya kufanya majaribio, na anataka shilingi milioni 4 kabla ya mwisho wa mwezi. Mzee hana fedha hizo. Alicho nacho ni mtumbwi na injini yake, na mnunuzi amekwisha patikana. "Si ndivyo alivyokwenda Samatta?" akaniuliza.

Nikamjibu, la hasha, Samatta hakwenda hivyo. Na kwa kuwa naamini mzee yule si peke yake katika mwambao huu wa ziwa, leo naomba tuipitie safari ya Samatta hatua kwa hatua.

Mbwana Samatta alizaliwa Dar es Salaam, Desemba 1992. Alianza kujulikana akiwa African Lyon, timu ambayo haikuwa na makeke. Mwaka 2010, akiwa na miaka 17, akaingia Simba. Mwaka uliofuata Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ilitolewa, lakini Wakongo walikuwa wamemwona kijana, wakamsajili. Kumbukeni, hakupanda ndege kwenda kutafuta watu wa kumtazama. Walimwona akiwa kazini.

Lubumbashi alikaa zaidi ya miaka minne. Novemba 2015 Mazembe ikatwaa ubingwa wa Afrika, naye akiwa amefunga mabao 7 katika mashindano hayo. Januari 2016, mjini Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ndipo Genk ya Ubelgiji ikamchukua, akiwa na miaka 23. Mwaka 2019 Genk ikawa bingwa wa Ubelgiji. Januari 2020 akatua Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi mosi mwaka huo akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Manchester City walishinda 2-1.

Hesabuni wenyewe: miaka 17, 18, 23, 27. Ni ngazi, na kila kipandio kilimfikisha kwenye kingine.

Sasa turudi kwa yule anayejiita wakala. Kanuni za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache mno. Kwa hiyo anayeahidi kumtafutia kijana wa miaka 16 mkataba Ulaya mwezi ujao, ama haijui kazi yake au anaijua vizuri kupita kiasi. Wakala halali ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kuhakikiwa. Klabu inayomtaka mchezaji kwa dhati humwandikia barua, na yenyewe ndiyo hutoa fedha. Nilimwuliza mzee kama ameiona barua hiyo. Akanionyesha picha kwenye simu: mhuri mkubwa, lakini jina la klabu halisomeki.

Hapo mzee akaniuliza swali lililonishinda. "Sawa, umesema ngazi. Kipandio cha kwanza hapa Kamanga kiko wapi?"

Ndugu zangu, swali hilo si lake, ni letu sote. Iko nchi ndogo inayoitwa Wales, yenye watu kama milioni 3.1. Mkoa wetu wa Mwanza peke yake, kwa sensa ya 2022, una zaidi ya milioni 3.6. Gareth Bale, mtoto wa Cardiff, alilelewa na klabu ya Southampton tangu utotoni, na mwaka 2006, akiwa na miaka 16, alicheza kikosi cha kwanza. Mwaka 2013 akanunuliwa na Real Madrid. Kipaji alikuwa nacho, lakini pia alikuwa na kocha, mechi za rika lake kila wiki, na jina lake kwenye daftari la klabu.

Daftari hilo si jambo dogo. Mchezaji anapouzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ya kijiji isiyosajiliwa, isiyoandika nani alicheza mwaka gani, haipati hata senti, hata kama ndiyo iliyomfundisha kupiga mpira.

Basi ushauri wangu kwa mzee, na kwa kila mzazi, ni huu. Peleka jina la wakala kwenye chama cha soka cha mkoa lihakikiwe kabla ya kutoa shilingi moja. Mwache kijana amalize shule huku akicheza kwenye timu iliyosajiliwa. Na ninyi viongozi wa soka wa wilaya, anzisheni ligi ya vijana inayofika hadi Kamanga, si kuishia mjini.

Feri ilipopiga honi nilimwacha mzee amesimama gatini. Hakuniambia ameamua nini. Kama unanisikiliza, baba, mwambie mnunuzi wa injini asubiri kwanza.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.