Vijana, Simu na Wajibu wa Raia



Kwa miaka mingi tumewalaumu vijana kwamba simu zimewapumbaza na kwamba mambo ya nchi hayawahusu. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya walituonyesha kosa letu. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipofikishwa Bungeni, waliusoma. Wakaufafanua kifungu kwa kifungu katika video fupi za TikTok, wengine kwa lugha za mama zao, wakajadiliana katika mtandao wa X. Hawakuwa na chama wala kiongozi mmoja; michango ya kuwatibu majeruhi waliituma kwa simu.

Tarehe 18 Juni waliingia barabarani. Siku hiyo hiyo pendekezo la kuutoza mkate kodi ya asilimia 16 likaondolewa. Tarehe 25 Wabunge wakaupitisha Mswada, baadhi ya waandamanaji wakaingia Bungeni, na risasi zikaua watu. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mswada uliondoka, lakini wafu hawakurudi: kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Vijana hao hawakuomba hisani. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 118, inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha.

Hata hivyo, simu inayobeba kifungu cha sheria hubeba pia uvumi na matusi. Tena huwaita watu upesi, lakini haimwandikishi mpiga kura: hapo sharti mtu afike mwenyewe, alama za vidole vyake zichukuliwe.

Sisi viongozi wa walei tujiulize: ni jumuiya ngapi zetu zilizousoma Mswada ule? Vijana waliusoma bila sisi, na baadhi yao tukawazika. Basi tuwaalike katika jumuiya zetu, waje na simu zao, watusomee miswada. Nasi tuwafundishe kuuliza kila habari imetoka kwa nani, na tufuatane nao hadi kituo cha kujiandikisha. Tusingoje kuwajua vijana wetu siku ya mazishi yao.