Kabla ya Kufungua Injini: Kutafuta Chanzo cha Gari la Zamani Kula Oili

Mada kwa semina ya mafundi wa magari, Ukunda, Kaunti ya Kwale



Gari la zamani likitoa moshi wa buluu hapa kwetu, kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, jibu huwa liko tayari hata boneti haijainuliwa: ringi zimekwisha, tufungue injini. Mara nyingine ni kweli. Hoja yangu leo ni kwamba brida, ile njia ya kutolea gesi kwenye chumba cha krenki, ikaguliwe kwanza, barabara ifuate, geji baada ya hapo, na spana iwe ya mwisho. Utaratibu huo tumeugeuza juu chini, na anayelipia ni mwenye gari.

Magari ninayoyasemea mnayajua. Ni Peugeot 504 za abiria na pikapu, Land Rover Series, Volkswagen Beetle, Datsun za zamani, Mercedes W123 zilizobaki kwenye nyumba za Diani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, kwa hiyo haya tuliyo nayo yamezeeka papa hapa na yamepita mikononi mwa mafundi wengi. Kila mmoja aliacha alama yake: mpira usio wa saizi, kifuniko cha gari jingine, tundu lililozibwa kwa boliti. Ukiinamia 504 usidhani unaangalia kazi ya kiwanda.

Tuanze na kinachotokea ndani. Hata injini mpya huvujisha gesi kidogo. Mchanganyiko unapowaka juu ya pistoni, sehemu yake hupenya kwenye ringi na kushuka hadi chumba cha krenki, ikiwa na masizi, petroli isiyoungua na mvuke wa maji. Gesi hiyo lazima itoke. Isipopata njia, shinikizo hupanda, na oili hutafuta pa kutokea: kwenye sili ya nyuma ya krenki, kwenye gasketi ya kifuniko cha vali, kwenye bomba la kijiti cha kupimia. Shinikizo hilo hilo huzuia oili iliyoko juu kwenye hedi isiteremke upesi kurudi kwenye sampu, ikabaki imezizunguka vali na kunyonywa. Kwa hiyo brida iliyoziba inaweza kukupa uvujaji na moshi kwa wakati mmoja, na ringi zikawa hazina hatia.

Zamani brida ilikuwa bomba tu lililoning'inia chini ya injini. Gari likienda, upepo unaopita kwenye mdomo wake huvuta gesi nje. Gari likisimama, hakuna kinachovuta, na mnajua wenyewe foleni ya feri ya Likoni huchukua muda gani. Ndipo magari mapya ya California, mwanzoni mwa miaka ya 1960, yakalazimishwa kurudisha gesi hizo kwenye injini zikaunguzwe upya, kwa kutumia mvuto wa manifoldi, na dunia ikafuata. Toyota na Datsun nyingi zina vali ndogo ya PCV yenye springi. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, mvuto ni mkali, basi vali hubana njia; ukikanyaga mafuta mvuto hupungua, nayo hufunguka zaidi. Injini nyingine hazina vali; zina kitundu chembamba kilichopimwa kiwandani, kimekaa ndani ya mpira au kwenye mdomo wa manifoldi. Hicho ndicho hupotea. Fundi hubadilisha mpira, kipande kidogo cha shaba kikabaki ndani ya mpira wa zamani kwenye pipa la taka, na kuanzia siku hiyo injini inanyonya hewa na mvuke wa oili bila kipimo. Sailensa inayumba, kabureta inalaumiwa.

Nieleze gari moja, maana lilinifundisha zaidi ya vitabu. Lilikuwa 504 ya abiria kutoka Msambweni, mali ya mzee mmoja anayeipenda kwa sababu aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1975, Ove Andersson akiwa kwenye usukani. Sili ya nyuma ya krenki ilikuwa imebadilishwa, ikavuja tena, ikabadilishwa tena. Moshi wa buluu ulikuwepo, na mzee alikwisha kuambiwa atafute seti nzima ya pistoni na silivu. Ule mpira unaotoka kwenye shingo ya kumiminia oili kwenda kwenye kikombe cha hewa, kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, unang'aa. Nilipouminya kwenye kona iliyo karibu na manifoldi ukawa laini kupita kiasi. Tuliupasua kwa wembe. Utando wa ndani ulikuwa umefura kwa oili na joto ukajikunja, nafasi iliyobaki isingepitisha penseli, na kilichojaa humo ni uji wa rangi ya maziwa, mzito kama tui la kwanza. Ule wavu wa waya ulio ndani ya shingo ulikuwa umeganda masizi hadi mwanga haupiti.

Wavu tuliulaza usiku kucha kwenye mafuta ya taa, tukaweka mpira unaostahimili oili, wala si ule wa kumwagilia bustani ambao naona watu wanautumia. Uvujaji wa nyuma ukakauka. Moshi ulipungua sana, ila haukuisha, kwa sababu gaidi za vali, vile vijibomba ambamo shina la vali hupanda na kushuka, zilikuwa zimelegea pia. Lakini kazi ya hedi na kazi ya kushusha injini nzima haziko bei moja.

Sasa barabara. Sisi wa Kwale tumejaliwa kipimo ambacho wenzetu wa nchi tambarare hawana. Ukikata kona Kombani kuelekea Kwale mjini unapanda Shimba, hadi karibu mita 400 juu ya bahari. Panda injini ikiwa imepata moto, gia nzito, mafuta hadi mwisho, na mtu mwingine afuate nyuma akitazama. Moshi wa buluu usiokatika wakati wote wa kupanda huelekeza kwenye ringi na silinda. Kisha shuka. Ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lizuiliwe na gia kwa mteremko mrefu, halafu kanyaga ghafla. Likitoa wingu moja kubwa la buluu kisha likasafika, oili ilikuwa inanyonywa kupitia gaidi na sili za vali, kwa sababu mvuto wa manifoldi huwa mkali kabisa mguu ukiwa juu. Wingu la namna hiyo hiyo mtaliona gari likiondoka kwenye foleni ya feri baada ya kusimama sana likiwa sailensa.

Kuna mtego hapo. Brida mbovu nayo hutoa moshi mlimani, maana ndipo gesi ni nyingi na hubeba matone ya oili hadi kwenye hewa inayoingia. Kwa hiyo kabla ya kurudi gereji simama pale juu Kwale, fungua kikombe cha filta ya hewa. Ukikuta oili mbichi imetapakaa na filta imelowa, mshtaki brida kwanza.

Kipimo cha tatu ni shinikizo la chumba cha krenki, na hakihitaji chombo cha bei. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uukunje umbo la U, tia maji, ncha moja uichomeke kwenye bomba la kijiti cha oili ikabane vizuri, nyingine iachie wazi. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa, yenye brida ya kunyonya kwa manifoldi inapaswa kuyavuta maji kidogo kuelekea kwake. Ikiyasukuma nje, ama njia imeziba, ama gesi ni nyingi kuliko njia. Safisha njia, pima tena. Yakiendelea kusukumwa wakati brida ni safi kabisa, hapo ndipo nitakubali kuzungumza habari za ringi.

Kompresheni wengi wenu mnapima, lakini tunaipima ovyo. Injini iwe ya moto, plagi zote ziwe nje, betri iwe na nguvu, kabureta ifunguliwe hadi mwisho. Andika namba za silinda zote. Kisha tia kijiko kidogo cha oili kwenye kila silinda urudie. Namba ikipanda sana, ringi au silinda imelika. Isipopanda, angalia vali au gasketi ya hedi. Na msidanganyike na namba nzuri. Ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, inaweza kugandishwa na kaboni huku zile mbili za juu zikibana sawasawa. Gari kama hilo lina nguvu, linapanda Shimba bila shida, na linakula oili. Tena silinda ambayo tayari imelowa oili hujiziba yenyewe na kukupa namba isiyo yake.

Ndiyo maana napenda zaidi kutumia hewa. Kila kibanda cha pancha Ukunda kina kompresa. Leta pistoni juu kabisa, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, ingiza hewa kupitia tundu la plagi, sikiliza. Upepo ukitokea kwenye shingo ya oili ni ringi. Kwenye ekzosi au kabureta ni vali. Rejeta ikitoa mapovu ni gasketi. Gari liwe na gia na breki ya mkono, au hewa itaizungusha injini na kukukata vidole.

Zipo pia dalili zinazosingizia sehemu zisizo na hatia. Ule uji mweupe chini ya kifuniko cha oili haumaanishi kila mara kwamba gasketi imeungua. Gari la kutoka hotelini Diani hadi sokoni Ukunda na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha mvuke, na unyevu wa pwani unaongezea. Angalia kwanza kama rejeta inapungua maji. Servo ya breki nayo: sili ya masta silinda ikiachia, mafuta ya breki hunyonywa na injini na kutoa moshi mweupe, dereva akiongeza mafuta ya breki bila kuona yanakovuja. Na Land Rover za zamani zenye filta ya hewa ya kuogea oili, mtu akijaza kupita alama, injini hunywa ile ya filta. Nayo sampu iliyojazwa kupita kiasi hufanya krenki ipige oili mapovu na kuitupa kwenye brida. Wenye desturi ya kuongeza nusu lita kila Ijumaa bila kutazama kijiti, mnasikia.

Pimeni ulaji wenyewe pia. Jaza hadi alama injini ikiwa baridi, mahali pa usawa, tembea kilomita 500, rudisha alama kwa chombo chenye vipimo. Watengenezaji wengi wa enzi hizo walivumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Mtu anayetumia robo ya hiyo hana ugonjwa, ana gari la zamani. Wala msimtilie oili nzito ili kuficha moshi. Itaficha, na asubuhi itachelewa kufika kwenye beringi.

Chanzo kikiwa sili za vali, hedi si lazima ishuke. Ingiza kamba safi ya nailoni kupitia tundu la plagi, zungusha krenki kwa mkono hadi kamba ibanwe na pistoni dhidi ya vali, kisha ondoa springi na ubadilishe sili. Gaidi zenyewe zikiwa zimelika, hapo hedi iende kwa mchongaji.

Tatizo letu jingine ni malipo. Fundi hulipwa kwa kufungua, halipwi kwa kutambua, na asubuhi nzima ya kupima humalizika kwa asante. Tukubaliane humu ndani kwamba upimaji una bei yake, inatajwa mapema, na mteja anapewa namba zake kwa maandishi aondoke nazo hata kama atatengenezea kwingine.

Na injini ikibidi kufunguliwa kweli, wavu, mipira na vali ya PCV visafishwe au vibadilishwe siku hiyo hiyo. Ringi mpya ambazo hazijakaa huvujisha gesi nyingi kuliko zitakavyovujisha baadaye. Ukimrudishia mwenye gari brida iliyoziba, ile sili mpya ya nyuma italia kabla gari halijamaliza kilomita 1,000 za kwanza, na mwenyewe atakurudia.