Mkono Wenye Ganzi Haushiki Breki

Mazungumzo ya Ofisi ya Uhusiano wa Polisi na Jamii kwa waendesha baiskeli wa mpakani Busia



Wakazi wa hapa hawahitaji kufundishwa thamani ya baiskeli. Tangu miaka ya 1960, hapa Busia na kule Malaba, baiskeli ziliwavusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda, na jina hilo likaenea Afrika Mashariki nzima. Pikipiki zimechukua abiria wengi, lakini mkaa, nafaka na madumu ya maji vingali vikibebwa kwa baiskeli.

Leo hatukuja kuzungumzia magendo wala vibali. Tumekuja kuzungumzia mikono yenu. Waendeshaji wengi hufa ganzi vidole au huumwa viganja, wakadhani hayo ni sehemu ya kazi. Sisi tunaiona hatari barabarani. Baiskeli iendayo kilomita 20 kwa saa hupita zaidi ya mita 5 kila sekunde. Vidole vikichelewa sekunde moja tu kubana breki, huku gunia likisukuma kutoka nyuma, mtoto anayevuka barabara hana pa kukimbilia.

Kwenye kitako cha kiganja, upande wa kidole kidogo, hupita mshipa wa fahamu unaohudumia kidole hicho na sehemu ya kidole cha pete, pamoja na misuli midogo ya mkono. Ukikandamizwa kwa muda mrefu, vidole hufa ganzi na mkono hupungukiwa nguvu. Ganzi ikishika dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, mshipa mwingine ndio unaobanwa, aghalabu kwa sababu kifundo cha mkono kimepindwa.

Mara nyingi chanzo si mkono, bali ni namna baiskeli ilivyopangwa, na matengenezo yaanzie kwenye kiti. Kiti kilichoinama mbele humtelezesha mwendeshaji, naye hujizuia kwa viganja safari nzima. Wekeni ubao ulionyooka juu ya kiti, mkihakikishe kimelala sawa. Kisha pimeni kimo: ukiwa umeketi, kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kiti kikiwa mbele mno, kirudisheni nyuma kidogo kidogo, ili makalio yabebe uzito uliokuwa mikononi.

Baada ya kiti, tazameni usukani. Ukiwa chini mno au mbali, mwili huulalia. Legezeni bolti ya juu, igongeni taratibu mkitanguliza kipande cha mbao, kisha inueni usukani ulingane na kiti au ukipite kidogo. Msipite alama ya mwisho iliyochorwa kwenye shina lake, kwani usukani unaweza kuchomoka njiani. Kazeni bolti, baneni gurudumu la mbele kwa magoti, mjaribu kuuzungusha usukani, usicheze. Baiskeli zenye breki za vyuma lazima vyuma hivyo virekebishwe upya, na breki zijaribiwe kabla ya kupakia mzigo.

Mkiwa safarini, viwiko vilegee kidogo, vifundo vinyooke, na mikono isikamate usukani kwa nguvu isiyohitajika. Mipira ya usukani iliyolika ibadilishwe. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, mwende njia mnayoizoea, ndipo mwendelee na jingine.

Tunalo ombi kwa wenye baiskeli za kukodisha. Baiskeli moja hutumiwa na mrefu asubuhi na mfupi jioni, na hakuna anayegusa kiti kwa kuogopa kumuudhi mwenye mali. Ruhusuni kirekebishwe, na kila mwendeshaji atie alama yake ya rangi kwenye nguzo ya kiti. Viongozi wa steji nao wawe na spana za pamoja. Namba 13 na 14 hufaa nati nyingi za viti. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ajali ya mwenzenu itawagusa nyote.

Ganzi ikiendelea siku kadhaa hata baada ya kupumzika, au mkono ukianza kuangusha vitu, mhusika aende kituo cha afya bila kukawia.

Kabla hatujaagana, tunaomba kila mmoja akague kiti na usukani wake papa hapa, na mwenye spana amwazime jirani yake.