Mmea wa Mizizi Myekundu: Tuupande Kabla Haujatuishia

(Mazungumzo na vikundi vya wasokota sufu na wasuka viondo)

Leo tunazungumza juu ya mmea ambao wengi wetu tunaujua kwa usumbufu tu. Unatambaa kando ya ua na kung'ang'ania sketi. Wataalamu wanauita Rubia cordifolia, nao ni wa ukoo mmoja na kahawa. Kila lugha yetu ina jina lake, waulizeni wazee wa kwenu. Mizizi yake hutoa rangi nyekundu ya kutia sufu.

Shida ni kwamba rangi iko kwenye mzizi. Ukichuma majani, mmea huchipuka tena. Ukiung'oa mzizi wote, umekwisha. Kikundi kikipata oda, kila mtu anakimbia kichakani na jembe. Mwaka wa pili mnatembea mbali zaidi, na wa tatu mnarudi mikono mitupu. Tena msitu wa serikali hauchimbwi bila kibali. Basi, tuupande wenyewe.

Kuutambua

Shikeni shina. Lina pembe nne na vimiba vidogo vinavyokwaruza kidole. Majani hukaa manne manne kuzunguka kifundo kimoja. Kila jani lina kikonyo kirefu na umbo la moyo. Maua ni madogo sana, na matunda yakiiva huwa meusi na laini. Mwisho, fukueni udongo kidogo muone kama mzizi ni mwekundu.

Msiuchanganye na ndugu yake, lile gugu la shamba la ngano ambalo nalo hushika nguo. Hilo majani yake ni membamba, hayana kikonyo, nayo hukaa sita hadi nane pamoja. Matunda yake ni makavu yenye vindoano. Gugu hilo huisha kwa msimu mmoja, lakini mmea wetu huishi miaka mingi.

Kuupanda

Mvua ndefu zikianza, kateni vipande vya shina vyenye vifundo viwili au vitatu, hasa vile vilivyogusa ardhi vikatoa vijizizi. Limeni kwa kina, mchanganye samadi iliyooza, kwa sababu mizizi hunenepa kwenye udongo laini. Achieni nusu mita kati ya mche na mche. Wekeni fito au mpande kando ya ua ili upate pa kupanda juu.

Tengenezeni matuta matatu, kila mwaka tuta moja. Mwaka wa tatu ukitimia, chimbeni tuta la kwanza tu. Mizizi minene ni ya rangi; vipande vyembamba vyenye macho virudisheni udongoni siku hiyo hiyo. Hapo kila mwaka mtakuwa na mavuno, na kichaka kitapumzika.

Kutia rangi

Kwa kilo 1 ya sufu kavu iliyooshwa, tumieni gramu 100 hadi 150 za shabu. Yeyusheni shabu katika maji, mpashe sufu moto humo kwa saa moja. Mizizi iliyokauka, nusu kilo hadi kilo 1, itwangwe na kulowekwa usiku kucha. Kisha tieni sufu humo, mpashe moto polepole saa moja, maji yasitokote, maana moto mkali huifanya rangi iwe ya kahawia. Katani haishiki shabu vizuri. Ilowekeni kwanza katika maji ya maganda ya muwati. Na sufuria ya rangi isirudi jikoni kupika ugali, jamani.

Mambo mawili ya kuangalia

Wengine hunywa mizizi hii kama dawa. Sisi tunaikuza kwa rangi tu. Katika ndugu yake wa Ulaya watafiti wamekuta kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, kwa hivyo tusiinywe.

La pili ni soko. Huko Ulaya wakulima wengi waliishi kwa ndugu huyo. Mwaka 1868 wanakemia wa Ujerumani wakaweza kuitengeneza rangi yake bila mmea, na baada ya miaka michache kilimo kile kikaporomoka. Kwa hivyo msilime eka nzima mkitumaini kuuza mizizi. Limeni ya kutosha sufu na viondo vyenu wenyewe. Faida iko kwenye kazi ya mikono iliyokwisha.

Mvua zijazo, kila kikundi kianze na tuta moja.