Mlingoti wa Tunguu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya mlingoti wa simu unaoombewa nafasi katika shamba la ushirika wetu. Kabla ya kujibu, yafaa tuukumbuke ule wa Tunguu.

Mwaka 1960 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na himaya juu ya Zanzibar, ilipatana na Marekani kijengwe Tunguu kituo cha simu ya upepo. Mawimbi ya namna ile huenda sawa kama mshale, wala hayafuati mviringo wa ardhi. Basi chombo kinachoizunguka dunia husikika mahali pamoja kwa dakika chache tu, kisha hupotea nyuma ya upeo. Ndiyo maana vilienezwa vituo 18, kila kimoja kikipokea pale mwenziwe alipoachia. Zamu ya Tunguu ilifuata ile ya Kano, Nigeria. Hivyo ndivyo Unguja ilivyokuwa miongoni mwa waliomsikiliza John Glenn, tarehe 20 Februari 1962, alipoizunguka dunia mara 3.

Kombora halikuwapo. Walakini wengi waliamini lipo, wakaandamana kukipinga kituo, nasi hatuthubutu kuwacheka. Maelezo yalitolewa, ila mapatano yalikuwa baina ya dola mbili, na mkulima aliyeuona mlingoti ukipanda juu ya minazi hakuwamo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilitaka kituo kiondoke. Mwezi wa Aprili kikafungwa. Leo apitaye Tunguu hukutana na wanafunzi wa vyuo vikuu.

Sasa la kwetu. Kilima chetu hakikupendwa kwa uzuri wake. Kimependwa kwa kuwa kinaona mbali, na minara ya namna hii lazima ionane. Faida hatuikatai: mtu kujua bei ya soko angali shambani si jambo dogo. Lakini mnazi ukikatwa, mche utakaopandwa badala yake hungoja miaka 6 au 7 hata uzae. Je, kodi imelihesabu hilo? Na siku mlingoti utakapokuwa hauna kazi, nani atakayeung'oa msingi wake wa saruji?

Mkataba uko mezani kwa Bwana Katibu. Twaomba usomwe wote, kwa Kiswahili, kabla mikono haijainuliwa.