Kukataa, Kutokataa na Swali la Kiasi: Mazoezi ya Mwanzo ya Takwimu

Zoezi la kupima nadharia tete lina mambo matatu: dai linalowekwa kwenye mizani, sampuli inayolipima, na kanuni ya kuamua kama tofauti iliyoonekana imezidi ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuileta. Zoezi la wigo wa uhakika hutumia sampuli hiyohiyo na kosa sanifu lilelile, ila swali lake ni jingine: kiasi kinachotafutwa kinaweza kuwa kati ya wapi na wapi? Mara nyingi mazoezi haya hufundishwa kama sura mbili zisizojuana. Historia yake inafahamika. Gosset alitoa makala yake ya sampuli ndogo mwaka 1908, Fisher akaieneza alama ya 0.05 katika kitabu chake cha 1925, Neyman na Pearson wakajenga nadharia ya uamuzi mwaka 1933, na Neyman akaukamilisha wigo mwaka 1937.

Kisichopewa uzito ni swali la mazoezi haya yanafanywa kwa ajili gani. Upo mtazamo ulioota mizizi katika madarasa ya tuisheni ya Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Tandika hadi Mwananyamala na Tegeta, kwamba takwimu ni hatua tano: andika nadharia tete mbili, chagua kiwango, kokotoa, tazama jedwali, kataa au usikatae. Mwanafunzi akizirudia katika maswali mia ya mitihani iliyopita, mkono unazoea na mtihani unapita. Wanaoushikilia mtazamo huu si walimu wavivu. Wengi wao hufundisha usiku, darasa limejaa, na wanajua fika kwamba msahihishaji hutoa alama kwa hatua. Hata hivyo mtazamo wenyewe una kasoro, na kasoro yake haiponi kwa kuongeza maswali.

Mhadhara huu ulianzia kwenye daftari la mwanafunzi mmoja wa Mbagala, mpwa wa mhadhiri. Mifuko 16 ya sukari iliyoandikwa kilo moja ilipimwa, wastani ukawa gramu 985 na mkengeuko sanifu gramu 32. Je, mifuko hiyo ina kilo kamili? Kijana alikokotoa kosa sanifu, gramu 8, akapata t ya −1.875, akailinganisha na 2.131 ya jedwali kwa digrii 15 za uhuru, akaandika: “Hatukatai. Mifuko iko sawa.” Hesabu ilikuwa safi, naye akapewa alama zote. Alipoulizwa na mjomba wake kama angekwenda kununua sukari hiyo dukani bila wasiwasi, na kama anapunjwa anapunjwa kiasi gani, alijibu kwamba swali halikuuliza hivyo.

Alikuwa na haki, maana swali kweli halikuuliza. Lakini sentensi yake ya pili haitoki katika hesabu yake. Wigo wa asilimia 95 kwa mifuko hiyo ni gramu 985 kutoa na kujumlisha 17, yaani kuanzia 968 hadi 1,002. Ndani yake imo kilo kamili, na humohumo umo upungufu wa gramu 32 kwa kila mfuko. Sampuli haikusema kwamba mifuko iko sawa. Ilisema kwamba yenyewe ni ndogo mno kuweza kuamua. Ikipimwa mifuko 64 na wastani na mkengeuko vikabaki vilevile, kosa sanifu linashuka hadi gramu 4 na wigo unabana kati ya 977 na 993. Sasa nadharia tete inakataliwa, ilhali makadirio ya wastani hayakusogea hata gramu moja. Aliyefundishwa kukataa na kutokataa tu ataona majibu mawili yanayopingana. Aliyeuona wigo ataona jibu moja lililozidi kunoleka.

Mfano bora wa kufundishia jambo hili umo Dar es Salaam kwenyewe, nao haustahili kuachwa kwenye rafu za madaktari. Kati ya mwaka 2001 na 2004, wajawazito 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI waliohudhuria kliniki za jiji hili waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipewa vitamini za kundi B pamoja na C na E, nusu vidonge vya kufanana navyo visivyo na vitamini hizo. Wote walipata madini ya chuma na foliki asidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la New England Journal of Medicine na Wafaie Fawzi wa Harvard, Gernard Msamanga wa Muhimbili na wenzao. Jedwali la matokeo yale lina mazoezi ya muhula mzima.

La kwanza ni uzito wa mtoto. Waliozaliwa na uzito pungufu walikuwa asilimia 7.8 upande wa vitamini na asilimia 9.4 upande wa pili. Mwanafunzi anaweza kulifanya kwa kalamu, akichukulia watoto wapatao 4,000 kila upande: tofauti ni pointi 1.6, kosa sanifu ni kama pointi 0.63, na wigo unatoka karibu 0.4 hadi 2.8. Kwa lugha ya wodi ya wazazi, katika kila watoto 1,000, wanaoepushwa na uzito pungufu ni 16 kwa makadirio. Huenda ni 4 tu, huenda ni 28. Mganga mkuu anayepanga bajeti ya vidonge anahitaji namba hizo. Neno “tunakataa” peke yake halimwambii anunue makasha mangapi.

Mazoezi mawili yanayofuata ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Watoto njiti walikuwa asilimia 16.9 kwa 16.7, uwiano wa hatari 1.01, wigo 0.91 hadi 1.11. Vifo vya mimba vilikuwa asilimia 4.3 kwa 5.0, uwiano 0.87, wigo 0.72 hadi 1.05. Kwa hatua tano, majibu ni mamoja: usikatae, usikatae. Kwa wigo, hayafanani hata kidogo. Kuhusu njiti, data zimeubana uwiano wa moja, yaani kutokuwapo kwa tofauti, pande zote mbili, na faida kubwa haina pa kujificha. Kuhusu vifo, wigo umeacha mlango wazi kwa punguzo la hadi asilimia 28, na upande wa madhara umeishia asilimia 5. Kuandika “vitamini hazina athari” katika mistari yote miwili ni kusema uongo katika mmojawapo.

Jarida la Lancet lilikuwa limechapisha mwaka 1998 jaribio la awali la watafiti haohao, hapahapa jijini, miongoni mwa wajawazito 1,075 wenye virusi vya UKIMWI. Vifo vya mimba vilikuwa 30 kwa waliopewa vitamini mchanganyiko na 49 kwa wasiopewa, uwiano 0.61, wigo 0.39 hadi 0.94. Msomaji wa kukataa na kutokataa atatangaza kwamba 1998 vitamini zilifanya kazi na 2007 zikashindwa, kisha ataanza kutafuta sababu za ugomvi huo. Lakini sehemu yote kati ya 0.72 na 0.94 imo ndani ya wigo zote mbili. Wanawake wa majaribio haya walitofautiana kiafya, na huenda athari nazo zilitofautiana. Ila namba hizi peke yake hazithibitishi ugomvi wowote.

Kanuni ya kukataa ina mahali pake. Mkaguzi wa vipimo anayesimama mbele ya shehena lazima aipokee au airudishe; hawezi kuirudisha nusu. Neyman na Pearson walilenga uamuzi wa namna hiyo unaorudiwa mara nyingi, na hapo kiwango kilichowekwa kabla ya kupima ni kinga dhidi ya upendeleo. Wigo nao una mtego wake. Asilimia 95 si uwezekano kwamba wigo huu mmoja umeupata ukweli. Ukweli ni kama mbuzi aliyefungwa kambani, hasogei. Kinachojengwa upya kila sampuli inapochukuliwa ni wigo, na katika kila mia zinazojengwa hivyo, kama 95 humzingira. Ugumu huo ni wa kweli, na wanafunzi hujikwaa. Hata hivyo, anayejikwaa kwenye maana ya wigo bado ana kiasi mkononi, na kwa sababu hiyo kila zoezi la upimaji linapaswa kuanza kwa wigo, uamuzi ukafuata.

Linabaki swali la ukubwa wa sampuli. Upana wa wigo hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: kuupunguza nusu kunahitaji sampuli mara nne, kama mifuko 16 ilivyokuwa 64. Kwa vifo vya mimba, kama uwiano ungebaki 0.87, ncha ya juu ya wigo ingegusa moja wajawazito wakifika kama 15,500. Na kama 0.87 ndiyo kweli yenyewe, jaribio la ukubwa huo lingekataa nadharia tete mara moja tu katika kila mara mbili. Ili likatae mara nne katika kila tano, wangehitajika karibu 32,000.