Droni juu ya kambi: nani ana ruhusa?

Leo tunazungumza juu ya droni, ile ndege ndogo yenye kamera ambayo kijana hurusha kwa kupiga picha za arusi au za ziwa.

Huku kwetu mashariki droni tuliijua kwanza kwa vita. Desemba 2013 MONUSCO ilianza kurusha zake toka Goma, kwa kuchunguza makundi yenye silaha. Baadaye zikaja zenye kubeba mabomu. Basi mama akisikia mvumo ule, hatafuti kamera, anatafuta mtoto wake. Niliona hayo kambini kwa macho yangu. Watu walikimbia, sufuria ya maharagwe ikamwagikia mguu wa mtoto, na umati ukamkamata kijana mmoja kuwa mpelelezi. Alikuwa anapiga picha za ubatizo wa mtoto wa dada yake.

Kijana alijitetea kwamba droni ni mchezo tu. Sivyo. Mapatano ya Chicago ya 1944, ambayo Kongo iliyakubali, yanasema katika kifungu cha 8 kwamba ndege isiyo na rubani hairuki juu ya nchi pasipo ruhusa ya pekee ya nchi hiyo. Kwetu kuna pia sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 juu ya ndege za raia, na mwenye kuisimamia ni Autorité de l'Aviation Civile. Kununua droni dukani si kupata ruhusa. Na muhuri wa shefu wa mtaa, hata ukilipiwa (tunajua yanayotendeka), haushiki nafasi ya ruhusa hiyo.

Lakini wewe mwenye karatasi zote, fikiri hili: bafu za kambi hazina paa. Katiba, kifungu cha 31, inalinda maisha ya siri ya kila mtu, na mama anayeoga nyuma ya bashi ni mtu.

Na ninyi mnaomkamata, msimpige. Msivunje chombo chake: ile kadi ndogo ndani yake ndiyo itaonyesha alipiga picha gani. Mpelekeni kwa polisi. Kifungu cha 18 cha Katiba kinataka aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa. Na polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48 bila kumwachilia au kumpeleka mbele ya sheria.

Marais wa kambi, mtu akija na ruhusa, andikeni jina lake, siku, saa na upande atakaorusha. Halafu mtangaze kwa megafoni jioni ya kutangulia, hata kwa wale wa hema za mwisho kabisa.